YAH: MALALAMIKO, MMEFUTA SAUTI NA ALAMA ZANGU ZOTE KWENYE GPS YA GARI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima kwa sababu nimelelewa hivyo na kwa sababu wewe binafsi hujanikosea, aliyenikosea ni kijana wako wa kaunta, na baada yake dada yenu wa simu. Namba ya risiti mnayo, karatasi ya kupokelea kifaa mnayo, masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sina haja ya kuyarudia. Kile kipengele kinachosema mteja apigiwe kabla hakijafutwa chochote mmekiandika wenyewe, na sahihi ya kijana wenu iko chini yake. Na juu yake kuna mwandiko wangu kwa peni ya bluu: KOPI SAUTI KWANZA, USIFUTE. Herufi kubwa zote, kausome.

Jumamosi nimefika saa tano na nusu kuchukua kifaa. Kijana alikuwa nacho palepale kaunta, amekichomeka kwenye kompyuta. Akaniambia memori imejaa, ramani mpya haiingii, inabidi "haya makorokoro" yatoke. Nikamwambia hapana, hayo usiguse, soma karatasi. Hakusoma. Akaongeza sauti mpaka mwisho akabonyeza, duka zima likasikia baba yangu mdogo akisema "Kitonga hiyo, gia nzito, breki usiikalie." Watu wakageuka, kijana akacheka, akabonyeza tena ili na waliokuwa nyuma wasikie, akauliza huyu mzee nani, mganga? Wakacheka na wengine. Nikamwambia mdogo wangu nakuomba, acha. Akasema tulia braza nakuwekea demu wa Kizungu, sauti tamu. Kioo kikauliza kama ana uhakika, nilikuwa nakisoma kwa upande wangu kichwa chini miguu juu, akabonyeza ndiyo huku ananiangalia usoni.

Huku ananiangalia usoni, Meneja.

Sasa hiyo habari ya memori kujaa ni uongo wa mtu mvivu na mnajua. Mle ndani kulikuwa na sauti za lugha chungu nzima ambazo kwenye njia yangu sijawahi kusikia mtu anaziongea, kulikuwa na ramani za nchi ambazo lori langu halitafika mpaka linakwenda skrepa. Angetoa hizo. Au angechomeka memori kadi, tundu lipo ubavuni, ramani ikakaa kwenye kadi na vitu vyangu vikabaki vilipo. Faili zangu zote za sauti ukizijumlisha hazifiki hata picha chache za simu. Mimi ni dereva sio fundi na hilo nalijua, yeye amevaa fulana yenye nembo yenu halijui?

Labda nieleze ni nini kilichofutwa maana naona mnakiita kitu kidogo. Kifaa changu hakikuwa na Kiswahili. Sauti iliyokuja nayo inasoma majina ya barabara na miji yetu mpaka unaona aibu mwenyewe ndani ya kabini, Mbeya inaanza na "em" halafu inapumzika ndio inamalizia, Chalinze sijui inataka kusema nini. Kwa hiyo nikarekodi yangu. Aliyewahi kufanya anajua sio kazi ya dakika tano, unarekodi vipande vipande, "baada ya" peke yake, "mita mia mbili" peke yake, "kata kushoto" peke yake, halafu kifaa kinaviunga chenyewe, ukirekodi kimoja karibu na mdomo na kingine mbali inatoka kama watu wawili wanagombana. Tulikaa jioni tatu Mafinga nyumbani kwa baba mdogo, simu imefunikwa na kanzu upepo usiingie, mama mdogo amezima redio. Kwenye "mita mia nane" jogoo anawika kwa mbali, tulirudia mara nne na jogoo akarudi mara nne, tukamwacha humohumo.

Na alama. Nimezichora mwenyewe na mtoto wa dada yangu kwenye kompyuta, vipicha vidogo sana, nukta 24 kwa 24, ukikosea nukta moja tembo anakuwa nguruwe. Mizani nilichora mizani, Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, zote ziko. Mikumi nilichora tembo pale hifadhi inapoanzia, na sauti ya baba mdogo inakukumbusha mwendo mchana 70 usiku 50, maana pale lipo bango la faini kwa kila mnyama na ukigonga mmoja bosi hakuulizi mara mbili. Kitonga pembetatu nyekundu ya mteremko mkali, Iwambi pembetatu nyekundu, Mlima Nyoka hivyohivyo. Vijiji vyenye 50 vyote nilivipiga duara la njano, kila nikipita naongeza, ilinichukua miezi. Hata kile kimshale cha gari nilikitoa nikaweka kilori chenye kichwa cha njano kama changu. Kwenye kila alama mzee anasema neno lake, na hayo maneno sio ya kutunga, yule mtu ameanza utingo mwaka 1979 kwenye hiyohiyo njia ya kwenda Tunduma, anajua kona gani lori linalala na kwa nini. Anajua pale Kitonga ukishuka kutoka Iringa na mzigo, ukikalia breki mpaka zinanuka umeshachelewa. Mimi hayo nilikuwa nayasikia kwa wakati wake, mita mia tano kabla, usiku, nikiwa nimechoka.

Mwaka jana mwezi wa tatu baba mdogo alipata kiharusi. Anatembea kwa fimbo, anakula mwenyewe, Mungu ni mwema, lakini maneno hayatoki. Anasema "ndiyo", anasema jina la mama mdogo, kingine ukimsikiliza lazima ubahatishe. Kwa hiyo kijana aliponiambia "si utarekodi tena tu", nataka ujue nilichokuwa nafikiria wakati huo na ujue nilijizuia.

Akaniuliza pia kama sina bakap. Ndio maana niliandika KOPI KWANZA! Kompyuta tuliyotumia ilikuwa ya shemeji na ameshaiuza, kopi iliyobaki ilikuwa ndani ya hicho kifaa nilichowakabidhi nyie, na hili nililisema Alhamisi wakati nakikabidhi, kwa mdomo, akaitikia kwa kichwa, akaniambia poa.

Na kwa hiyo poa nililipa 85,000.

Jumatatu nimepakia nikaondoka. Sikuwa na namna, mzigo wa watu. Kimshale kimerudi, kidogo cha bluu, sauti ya kike ya Kiingereza inaniambia nigeuke inapowezekana wakati niko sawasawa kabisa. Vijiji vyangu vya njano vimepotea vyote, nimekula tochi za askari za kupima mwendo mara mbili, faini 30,000 na 30,000. Siwalaumu kwa mwendo, mguu ni wangu na faini nimelipa bila kubishana na askari. Lakini miezi yote tangu niweke zile alama sikuwahi kupigwa tochi hata moja kwenye njia hiyo, hesabuni wenyewe. Mikumi nimepita saa tatu usiku, ilikuwa kimya. Kitonga nimepanda kimya na siku ya kurudi nikashuka kimya, sauti ya kike ikaniambia endelea mbele kilomita kadhaa, hiyo ndio Kitonga kwake, kuendelea mbele.

Nilipofika Tunduma ndio nikapiga simu kwenu. Nilisubiri na muziki wenu dakika ishirini kwa salio langu mwenyewe. Dada akanisikiliza vizuri mwanzoni, sitamsingizia, halafu akaenda akarudi akasema ameambiwa kwamba sauti na alama anazoweka mteja sio sehemu ya bidhaa, ni mapambo tu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, kifaa kinafanya kazi.

Mapambo.

Ngoja basi nirudie ya Jumamosi kwa sababu naona haijaeleweka, na safari hii niseme na yale niliyoyaruka. Aliyecheka kwanza hakuwa kijana, alikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni, na yule mama nilimsamehe palepale kwa sababu aliacha kucheka aliponiona sura. Mlinzi wenu mlangoni hakucheka, aliangalia chini. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja wazi, kama unamwomba mtu akupe chako, nikasema mdogo wangu huyo ni baba yangu mdogo, mgonjwa, hawezi kuongea tena, hiyo ndio sauti yake iliyobaki, nirudishie kifaa hivyohivyo na hela bakini nayo. Nilisema hivyo, hela bakini nayo. Alinisikia, maana alinijibu, alisema "sasa mzee mgonjwa ndio akuelekeze njia?" Na sauti ilikuwa bado inaendelea, alikuwa ameibonyeza mara ya tatu, baba mdogo alikuwa anasema ya Wenda, "Punguza mwanangu, mbele kuna," hapo kidole kikashuka kwenye ndiyo na ikakatika. Haikufika kwenye neno mizani. Kikatokea kimduara kinazunguka, halafu ikaingia ile sauti ya kike ikasema karibu, kwa Kiingereza, na kijana akapiga makofi mara moja akasema umeona sasa.

Mimi ni mtu wa miaka 41. Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari la rafiki yangu robo saa sijaweza kumwambia kilichotokea. Dada yenu anaita mapambo.

Sasa ninachotaka. Niliporudi Dar mtu anayejua kompyuta ameniambia faili ikifutwa haiondoki papo hapo, inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo tangu hapo nimekizima kifaa, nimekitoa kwenye dashibodi, kimefungwa ndani ya bahasha na hakiwashwi. Nataka fundi wenu mkubwa, sio kijana yule, akitafute kilichobaki humo. Na nataka kompyuta ya kaunta ikaguliwe leo, kwa sababu Jumamosi kabla ya ule ujinga niliona kwa macho yangu mstari wa kijani unajaa kwenye kioo na imeandikwa inakopi. Ilikuwa inakopi nini? Kama ilikuwa inakopi vya kwangu basi viko hapo na msithubutu kuifomati hiyo kompyuta. Mwanzoni nilikuwa nimepanga kuomba hilo tu na kuwapa siku 14.

Lakini kadiri ninavyoandika naona siku 14 ni nyingi. Ni siku 7. Na 85,000 yangu irudi yote, maana kazi niliyoilipia ilikuwa kuapdeti ramani na kulinda vilivyomo, mmefanya nusu. Na 60,000 ya tochi pia, nilikuwa sitaki kuidai ila baada ya neno mapambo naidai. Na kijana aniombe radhi, sio kwa meseji, aniombe radhi palepale kaunta aliponichekea, watu wakiwepo, na aseme kwa mdomo wake kwamba alisoma au hakusoma ile karatasi.

Msipofanya, nakwenda Tume ya Ushindani na risiti yangu na karatasi yenye peni ya bluu, nina picha yake, nilipiga Alhamisi ileile kabla sijaondoka. Nakwenda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile sheria ya mwaka 2022 ipo, na sauti ya mgonjwa kupigwa dukani ili watu wacheke nitawauliza wao kama ni mapambo. Na kwenye grupu letu la madereva wa njia ya Tunduma tuko zaidi ya 200, wengi walinunua kwenu kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha kilori changu cha njano na tembo wangu wa Mikumi, walipenda, wakaniuliza nimenunua wapi, nikawataja nyie. Bado sijawaandikia. Nimejizuia mpaka nipate majibu yako, na hata huko kujizuia nimefanya kwa ajili yako Meneja sio kwa ajili ya kampuni.

Mama mdogo bado hajui. Wiki iliyopita alinipigia akaniomba nikipita Mafinga niwashe kifaa nje ya nyumba, kama huwa nafanya, amsikie mumewe akisema "umefika, zima gari." Nilimwambia ratiba imenibana.

Ijumaa niko Dar. Nitafika dukani saa 4 asubuhi na bahasha. Fundi mkubwa awepo, kompyuta ya kaunta iwepo kama ilivyokuwa Jumamosi, na kijana awepo.

Mteja wenu,
jina langu liko kwenye karatasi, juu ya KOPI SAUTI KWANZA