Titi mmelirudisha, sidiria je?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, hata siku ile mlipotupa kurasa nne za Simba na Yanga na nusu safu ya bajeti. Ila makala yenu ya Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, ile ya mama aliyejengewa titi jipya baada ya saratani, imenishinda kumeza. Mwandishi amefurahi, daktari amefurahi, mama kapigwa picha akicheka na utepe wa pinki kifuani, halafu tukaambiwa kwamba sasa anavaa chochote anachotaka. Chochote? Mwandishi alimwuliza chini ya lile gauni amevaa nini?

Nauliza kwa sababu nami nimo. Titi langu la kulia liliondolewa, nikapigwa mionzi Ocean Road, na baadaye nikajengewa jingine: daktari alichukua nyama ya mgongoni akaizungusha mpaka kifuani, chini yake akaweka mfuko wa silikoni. Fedha zilitoka kwenye michango ya ukoo, maana bima yangu ilijibu kwa sentensi moja kwamba huo ni urembo. Kazi ya daktari siisemi vibaya hata kidogo. Lakini titi la kujengwa halifuati tabia za mwenzake. La kushoto limenyonyesha watoto na limeshuka kwa haki yake. La kulia limekaa juu, gumu, limetanuka kuelekea kwapani, kama mgeni aliyekaa wima kwenye kochi la watu. Ukivaa sidiria ya vikombe sawa, kushoto kunamwagika, kulia ncha ya kikombe inabaki tupu, inajikunja, na mkunjo huo anauona kila anayezungumza nawe. Ya sponji ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu imeshaumbwa na haimsikilizi mtu. Tena ngozi ya huku ina ganzi: waya ukikukata, husikii. Daktari alinieleza kwa fahari kwamba kovu la mgongoni amelipitisha palepale panapopita mkanda wa sidiria ili lifichike. Kweli limefichika. Mkanda unalisugua tangu asubuhi mpaka narudi nyumbani, na kwa joto la Dar jasho linamalizia kazi. Begani nako, upande walikoondoa tezi za kwapani, mkanda mwembamba ukikaza tu, mkono unaanza kujaa.

Sasa sikia yaliyonikuta Kariakoo. Niliingia duka moja kubwa la nguo za ndani, mlangoni wamesimamisha midoli ya kifua, yote ina matiti ya msichana wa miaka kumi na minane, na wauzaji wote ni vijana wa kiume. Nikamwomba mmoja, kwa sauti ya chini, sidiria isiyo na waya, yenye mikanda mipana na inayofungwa kwa mbele, maana mkono wangu wa kulia haufiki mgongoni. Akaniuliza, "Ya kunyonyeshea, mama?" Nina wajukuu, Mhariri. Nikamwambia hapana, nimefanyiwa upasuaji. Badala ya kunisogelea, akageuka akampigia kelele mwenzake aliyekuwa juu ya ngazi, "Oya, ile ya mtu mwenye ziwa moja ipo?" Duka zima likanigeukia. Hawakunitazama usoni, walinitazama kifuani. Watu walikuwa wanahesabu! Mama mmoja akasema pole, mwingine akamvuta binti yake kando kana kwamba nitamwambukiza, na yule wa juu ya ngazi akajibu kwamba hizo hawaleti kwa sababu haziendi. Haziendi! Zitaendaje wakati hazijawahi kuja? Nikaomba basi angalau nijaribu yoyote isiyo na waya. Chumba cha kujaribia hakuna. Kuna karatasi ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, na pembeni yake nyingine, UKIVAA UMENUNUA. Kijana akanishauri niivae juu ya blauzi. Nikasimama katikati ya watu na sidiria nyeusi juu ya blauzi ya kanisani, yeye ananivuta mkanda mgongoni, palepale penye kovu, huku akinihakikishia, "Imekukaa, mama angu, umerudi usichana." Nililipa ili nitoke. Waya chini haikuwa nayo, ni kweli. Lakini ubavuni walikuwa wameficha kijiti cha plastiki, nacho hakikukawia kutoboa mshono. Aliyegundua ni binti yangu, aliyeona doa la damu kwenye blauzi nikiwa naosha vyombo na sina habari.

Na hizo namba zao! Sidiria mbili za 38 kutoka boksi moja, moja inakaba pumzi, nyingine inazunguka yenyewe mwilini. Nondo ina kipimo, saruji ina kipimo, hata chupa ya maji ina kipimo, ila nguo ya kifuani mwanamke anapimwa kwa jicho la muuzaji. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini, najua, na sababu zake za kiafya nazielewa. Hata hivyo sidiria pekee iliyowahi kunikaa niliitoa kwenye lundo la mitumba Karume. Ina maandishi ya Kijerumani, haina waya, mikanda yake mipana, na ndani ya kila kikombe kuna mfuko wa pamba wenye mdomo ubavuni, unatia kipande cha kujazia upande uliopungua mpaka pande mbili zilingane. Kuna mama huko Ulaya aliivaa, akaitoa, ndiyo ikanifikia mimi. Wenzangu wengi kwenye mabenchi ya kliniki hawana bahati hiyo. Wanatia khanga iliyokunjwa, wanatia soksi yenye mchele, na wanaombea isihame wakati wa kushuka kwenye daladala.

Oktoba ikifika, kwa upande mwingine, pinki haina uhaba. Fulana za pinki, kofia za pinki, hema, spika, mgeni rasmi anachelewa, na sisi wagonjwa tunapangwa mstari wa mbele juani ili tupendeze kwenye picha. Jioni kila mtu anarudi kwake na fulana saizi XL iliyoandikwa jina la mfadhili kwa herufi kubwa kuliko neno saratani.

Wala ninachokidai si cha kutoka mwezini. Ruth Handler, yule Mmarekani aliyebuni mwanasesere Barbie, aliondolewa titi mwaka 1970, akakuta matiti ya bandia ya madukani ni mabonge tu, akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza, la kushoto mbali na la kulia mbali, na akawa anakwenda madukani mwenyewe kuwapima wanawake. Marekani hiyohiyo tangu 1998 ina sheria kwamba bima inayolipia kuondoa titi ilipie pia kulijenga, kulisawazisha la pili, na titi la bandia kwa anayelihitaji. Waliopitisha sheria hiyo hawakuona urembo hapo. Bima yangu mimi imeuona bila hata kunivua shati.

Fundi wangu wa Tandika ameshaifumua ile ya Kijerumani, akaniambia ndani hamna uchawi wowote: pamba, mkanda mpana usiovutika, mfuko, na kulabu mbele. Kilichomkwamisha ni hizo kulabu. Za madukani ni za blauzi, zinaachia ukipiga chafya. Basi napendekeza vyuo vya ufundi vya VETA waweke swali hili kwenye mtihani wa ushonaji: mteja ana titi la kulia lililokaa juu kuliko la kushoto kwa upana wa vidole viwili, mgongoni ana kovu linalokaa njia ya mkanda, na mkono wake wa kulia haupandi kupita bega, mshonee sidiria. Mwanafunzi atakayeuliza kama mteja ananyonyesha apewe sifuri. Malighafi ipo: fulana za Oktoba zilizo za pamba zikatwe mifuko, na hela ya hema na spika iagize kulabu. Wenye maduka, nao, watundike pazia kwenye kona moja na kumwajiri dada mmoja anayejua kunong'ona.

Mwandishi wenu akirudi Oktoba ijayo, aje na futi ya fundi cherehani. Fulana asiniletee, ninazo za kutosha kupigia deki.

Bibi wa Wajukuu,
Tabata, Dar es Salaam.