Kwa ndugu yangu uliyeingia mwambani usiku

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu faraghani nimeshindwa. Mara tatu nimekuja kwenu, na mara tatu mkeo kanambia umevuka, uko Chokocho, ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa cha Pemba. Jina lako sitolitaja. Ukisoma utajijua, na walioingia kama wewe watajijua pia, maana hukuwa peke yako.

Mwamba wetu tuliufunga miezi mitatu, mtu asivue pweza, ili wakue. Ulipoingia zilikuwa zimebaki siku 15 mwamba ufunguliwe. Bamvua moja tu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Asubuhi yake nilishuka mapema, nikakaa kwenye yale majabali ya juu kusubiri maji yatoke niende kwenye kamba zangu za mwani. Pale ambapo maji ya bamvua hayafiki nikaona jiwe limetapakaa wino. Mtu alikuwa amepiga pweza pale usiku, na kwa haraka, maana mkia mmoja ulibaki umenasa kwenye ufa. Mwembamba kama kidole changu cha mwisho. Kando yake ilikuwepo taa ya kichwani, mpira wake umekatika na kufungwa kwa taitai ya kijani, ule uzi wa kufungia mwani. Lile fundo nililifunga mimi, mwaka jana, barazani kwenu, wewe umekaa unakunywa chai.

Nililia pale, na si kwa ajili ya faini. Ni ule mkia.

Wewe pweza unamjua kwa mkono kuliko mimi. Unajua akiwa mdogo anavyokua upesi, mwezi mmoja tu ukikutana naye tena humtambui. Ndiyo maana miezi mitatu inatosha. Huyo uliyempiga jiweni hakufika nusu kilo, na ungemwacha hadi siku ya kufungua angekuwa mzito zaidi. Lakini kuna jengine ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka tulipoanza kukaa kwenye mikutano. Pweza jike huzaa mara moja tu katika umri wake, na umri wenyewe ni mwaka na kidogo. Huingia shimoni, akayaning'iniza mayai darini, vishada kwa vishada kama mashuke ya mpunga, kisha akakaa hapo hapo anayapepea maji. Hali kitu. Mayai yakishaanguliwa, anakufa. Tulipokuwa wadogo tukimkuta pweza amekonda shimoni, hataki hata kukimbia, tulikuwa tukifurahi kwamba ni rahisi kumtoa. Nikikumbuka sasa roho inaniuma.

Haya mambo hatukuyazua sisi. Wavuvi wa Andavadoaka, kule kusini-magharibi mwa Madagascar, Bukini ya wazee wetu, walifunga mwamba wao wa pweza mwaka 2004, wakaona faida yake, na wengine wa pwani hizi tukafuata. Hapa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, unakumbuka zogo lilivyokuwa. Wewe mwenyewe ulisimama ukauliza, "Miezi mitatu watoto wale mchanga?" Watu wakapiga makofi. Lilikuwa swali la haki, na mpaka leo naona halijajibiwa sawasawa.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimeshiba. Bonde lenu nalijua, nimepanda mpunga humo na mama yako, matope mpaka magotini. Sasa bahari imeingia, mpunga hauoti, na minazi ya pembeni imebaki magogo yasiyo vichwa. Mtu aliyekuwa na mchele wa miezi minne ndani leo ananunua kilo mojamoja dukani kwa mkopo. Mwani nao, ule mnene wenye bei, maji yakipata moto unalainika na kukatika, tunabaki na mwembamba ambao mnunuzi anautazama kama anatufanyia hisani. Na samaki wakubwa wako nje, kwenye mkondo, kina cha mita 800, wanafuatwa na wenye mashine na petroli. Mimi na wewe tuna mtumbwi, miguu na mwamba. Ndiyo mali yetu, na ndiyo maana nimekukasirikia hivi.

Kabla ya kufunga tulikuwa tunatembea bamvua nzima. Unatoka maji yanapoanza kupwa, unarudi yanakufukuza, na mkobani una wawili wa ukubwa wa ngumi. Halafu ikaja siku ile ya kwanza ya kufungua. Sijui kama wewe ulilala usingizi usiku wake, mimi sikulala. Saa tatu asubuhi ufuo mzima umejaa watu, wazee waliokuwa hawashuki pwani tena wameshuka, watoto wa skuli wanasimama kwa mguu mmoja mmoja kama korongo. Nilikwenda kwenye shimo langu lile la upande wa kusini, nikaona maganda ya kaa yametupwa mlangoni na vijiwe vimepangwa, nikajua mwenyewe yumo. Nilipomgusa kwa kijiti alinishika mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga kelele kama mtoto. Siku ile nilipata saba, na mama yako alipata mmoja ambaye mnadi wa diko, pale wanaponadiwa samaki, alimwinua juu watu wote wamuone kabla hajamtia kwenye mzani. Mama yako alikuwa akicheka huku anafuta macho kwa kanga. Ulikuwepo. Ulimbebea ndoo.

Ninayo malalamiko yangu pia, na nimeyasema mbele ya sheha, mkuu wa shehia yetu. Siku ya kufungua, wanaume wenye miwani huzamia na kuwazoa pweza wakubwa kabla sisi wa miguu hatujafika nusu ya mwamba. Mitumbwi ya wageni inakuja bila kuulizwa. Kwa siku mbili tatu mwamba unakombwa mpaka unakuwa kama haukufungwa, na bei siku hiyo inashuka kwa kuwa kila mtu anauza wakati mmoja na mnunuzi ndiye mwenye barafu. Mimi nataka upande wa maji mafupi uachiwe wanawake, na nataka kufungua kuwe kwa zamu. Hayo ni maneno ya mkutanoni, na ukiyasema wewe yatasikika kuliko nikiyasema mimi. Umezamia tangu una miaka kumi na miwili. Lakini utayasema kwa mdomo gani, ikiwa usiku unaingia na taa?

Nasikia unafikiria kwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na kama dago halikulipa, Oman. Sikuzuii. Wangapi wamekwenda, na hela zao ndizo zinazoezeka mabati hapa. Lakini watoto wako wawili watabaki kwetu, na huyo mkubwa tayari anaomba kijiti changu kila maji yakitoka. Jana alinionesha shimo. Amelitafuta peke yake, karibu na mpaka, amepanga mawe matatu juu alikumbuke, na kanambia hatoligusa mpaka siku yenyewe. Sikujua nimjibu nini, kwa sababu nilikuwa najua baba yake alikuwa wapi usiku ule.

Sijamwambia mtu. Kamati wameona wino, wanauliza, nami nimenyamaza, na kunyamaza huku kunanitafuna. Ijumaa baada ya sala kuna kikao. Njoo useme mwenyewe. Faini ipo, najua huna, na nimeuza magunia mawili ya mwani, kwa hiyo tutaitoa pamoja. Nitakaa karibu na mlango, upande wa wanawake, utaniona.

Zimebaki siku tisa. Taa yako iko kwangu, juu ya kabati la vyombo. Nimeibadilishia taitai, nimeweka mpya. Njoo uichukue mchana.

Dada yako