Shem, hilo kochi unalolisema

Shem, habari za siku. Najua utaisoma hii maana kila nikiweka status jina lako nalikuta kwenye walioangalia, ila simu hupokei tangu matanga ya mama. Kwa hiyo naandika hapa, na atakayesoma asome.

Sikuja kugombana. Nimekuja kama yule shemeji yako uliyekuwa unamwomba nauli ya chuo kimyakimya kaka yako asijue (samahani, hilo sikupanga kulisema, ila limeshatoka).

Nirudi pale chini ya mparachichi. Wazee wamekaa, ulanzi unazunguka, tunaongelea vyombo vya mama nani achukue nini, wewe ukasimama ukaonyesha kidole kwenye pikipiki yetu ya sasa pale kwenye uzio ukasema, "Kaka kauza mgongo wa baba ili mkewe apate kochi." Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, shangazi huyo huyo niliyekuwa naamka naye saa nane za usiku tunamgeuza mama kitandani. Na mume wangu akainama akawa anachezea funguo. Naye hilo tumeshaongea, usijali, ameipata yake.

Sasa nikuulize, hiyo Honda ya baba tuliyoiuza, wewe uliipanda mara ya mwisho lini? Baba alivyokuwa bwana shamba ulikaa nyuma yake una kilo 20 na miguu inaning'inia. Mimi nimekaa kwenye siti hiyohiyo nina kilo 81, na begi la dawa na pampasi za mama mapajani, kutoka Dar mpaka Iringa, karibu kilomita 500, kwa injini ya cc 125. Tukifika Chalinze makalio yameshakufa ganzi, Morogoro nashuka kama bibi, Mikumi tunalala kwa sababu kuendelea haiwezekani, na kuna siku dada wa mapokezi pale gesti aliniuliza kama nimepata ajali.

Utasema si mngepanda basi. Basi lipo najua, Mbezi pale stendi ya Magufuli unapanda asubuhi jioni upo kwenu. Tulianza na pikipiki kwa sababu kule kijijini gari ikikushusha barabarani bado una safari, na mama alikuwa anahitaji mtu wa kumpeleka kliniki. Basi. Hayo mengine nitayasema.

Maumivu ya mgongo ningevumilia shem, mimi nimezaa watatu. Kilichonishinda ni Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa. Wewe Kitonga unaipita umelala kwenye siti ya dirishani. Sisi tunaipanda kwa gia ya pili, Honda inalia, mbele semi limezidiwa linatambaa, nyuma semi jingine la Zambia linatupigia honi, na kulipita la mbele hatuwezi maana nguvu hakuna. Halafu mimi na begi tukiwa nyuma uzito wote unalalia tairi la nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na ikikuta giza taa inamulika juu kwenye miti. Kwenye kona moja kaka yako alinyamaza, yeye ambaye haachi kuongea, nikajua anaogopa. Nikamwambia tukifika salama hii inauzwa. Ndiyo, ni mimi niliyesema. Sikatai.

Honda iliuzwa laki nane. Laki nane, shem. Zilizobaki zote zilitoka kwenye vikoba vyangu pamoja na mkopo ambao bado nakatwa kwenye mshahara, na pale kwenye mparachichi hakuna aliyeuliza. Tukachukua Suzuki V-Strom ya cc 650, used, kwa mzungu aliyekuwa anamaliza mkataba. Silinda mbili, tenki lita 20, siti pana, boksi la nyuma naegemea. Pembeni kuna kitasa cha kukaza springi ya nyuma kabla sijapanda, na tairi la nyuma tunaliongeza upepo. Sasa semi tunalipita mara moja tumemaliza. Kochi unaliita wewe, mimi naita kufika.

Na siyo kwamba ni raha tupu. Lina zaidi ya kilo 200 lile dude, sheli ya Chalinze nilipanda kaka yako hajakanyaga vizuri tukaanguka wote pikipiki ikiwa imesimama, vijana wa bodaboda wakaja kutunyanyua huku wanacheka. Kofia zetu bado zinagongana akishika breki ghafla.

Wewe unaoa Desemba. Ushauri wangu ni mmoja tu, mke akisema panauma usisubiri mpaka ashuke anachechemea, na asikwambie mtu kwamba mwanamke anayekaa nyuma anabebwa tu, mimi ndiye ninayemwambia kuna gari, ndiye ninayemfinya akianza kusinzia, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema siti hii hapana.

Haya, na lile nililokuwa nalificha. Mama ameshaondoka na bado tunasafiri. Mwezi uliopita tulienda hatuna mgonjwa wala msiba, tukasimama Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukakaa tu tunaangalia mibuyu. Nilicheka sana siku ile. Kama hilo ndilo kosa, lipo.

Ila na mimi nilikuona. Usiku ule wa matanga nilitoka kwenda chooni nikakukuta umekaa kwenye V-Strom gizani. Hukukaa mbele. Ulikaa nyuma, kwenye siti yangu, mikono umeshika mbele yako kama kuna mtu. Nikarudi ndani sijajisaidia.

Honda ipo kwa mwalimu mmoja njia ya Kalenga, anaiuza laki tisa. Nusu nitatoa mimi, kaka yako asijue kama kawaida yetu. Ukiamua kuifuata, kaka yako atakupitia Mbezi ukae nyuma kwenye siti yangu, mimi nitapanda basi safari hii. Usipande mpaka akuitikie kwa kichwa. Kitonga kwenye kona angalia kupitia bega lake la upande ule kona inakokwenda, mwili utafuata wenyewe, usijikaze.