Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunaomba balbu kumi na moja

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Balbu za zahanati yetu

Najua mtumishi hatakiwi kukuandikia hadharani. Barua za ndani nimeshakuandikia tatu, ya kwanza mwezi Machi, na zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa masjala. Hii naiandika kwa sababu ya usiku wa Jumanne.

Umeme ulikatika saa saba usiku. Uliporudi, balbu ya chumba cha kujifungulia ikalia paa! ikafa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, lakini mama alikuwa amechanika na anavuja damu. Nilimshona kwa tochi ya simu aliyoishika mama mkwe wake. Mkono wa mama wa watu ulikuwa unatetemeka, mwanga unakwenda huku na huku, na kila nikitaka kupitisha sindano nasubiri mwanga urudi. Wako salama, namshukuru Mungu. Sitaki kushona hivyo tena.

Asubuhi niliifungua ile balbu. Kioo kimeingia weusi, ukiitikisa unasikia uzi uliokatika unacheza ndani. Niliifunga mwenyewe, haijamaliza hata wiki tano.

Kwenye kikao ulisema balbu zinaungua kwa sababu hatuzizimi. Ndugu Mkurugenzi, chumba cha wazazi tukizime saa ngapi? Balbu ya uzi imetengenezwa iwake saa 1,000 hivi. Makampuni makubwa ya balbu yalikubaliana Geneva mwaka 1924 kwamba isizidi hapo, na iliyozidisha ilitozwa faini. Sisi tunawasha kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa hiyo usiku wa 83 imekwisha. Hapo ni umeme ukiwa umetulia, na wa kwetu haujatulia. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, uhai wa balbu unapungua karibu nusu. Umeme ukirudi ghafla, uzi uliopoa unavuta mara kumi au zaidi ya kawaida yake, ndiyo maana nyingi zinakufa pale pale zinapowaka. Nahisi pia mzabuni anatuletea za bei ya chini kabisa, maana boksi zake hazina hata jina. Hilo sina ushahidi nalo.

Halafu kuna LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Balbu zetu kumi na moja za wati 60 zinakula karibu uniti 8 kwa usiku mmoja, na katika umeme huo mwanga ni kama asilimia 5 tu. Unaobaki ni joto. Wafugaji wa hapa kijijini wanazinunua za kulelea vifaranga, na kwa vifaranga zinafaa. LED ya wati 9 inatoa mwanga ule ule na inaweza kufika saa 15,000. Zote kumi na moja zingekula uniti moja na kidogo. Kwa mwezi tungeokoa uniti 200. Friji ya chanjo iko kwenye LUKU hiyo hiyo, Ndugu Mkurugenzi. Uniti zikiisha tarehe 20, tunachangishana mimi na mhudumu ili chanjo za watoto zisiharibike.

Ulituahidi mbele ya wajumbe wote kwamba kufika Julai taa zote zitakuwa za LED. Leo ni Oktoba. Dukani nimeulizia: kumi na moja hazifiki posho ya mtu mmoja ya kikao kile.

Naomba balbu kumi na moja. Kama ni nyingi, nipe mbili, ya chumba cha kujifungulia na ya akiba. Kama mbili pia ni nyingi, nipe hiyo moja ya kujifungulia, nitaifuata mwenyewe ofisini kwako kwa nauli yangu.

Nina kina mama wanne wanaotarajiwa kujifungua kabla mwezi haujaisha. Balbu niliyoifunga Jumatano ni ya uzi, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho stoo.

Wako katika kazi,
Muuguzi mkunga, zahanati ya kijiji