Kabla hujafunga sanduku

Katuba, Lubumbashi

Mama yangu,

Nakuita mama kama siku zote, maana jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi. Ujumbe wako tumeupata. Kwa hiyo mwaka wako wa kujitolea Ndola, huko Zambia, unaisha wiki ijayo, na badala ya kurudi nyumbani unaunganisha safari mpaka Dar es Salaam. Mama yako alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama huko Dar kuna sombe. Nikamwambia ipo, ila wanaiita kisamvu. Akanuna zaidi.

Mimi nina neno moja tu, la kuaga.

Unaikumbuka ile pasi ya makaa iliyo juu ya kabati, yenye jogoo kwenye komeo? Mlipokuwa wadogo mlimvuta yule jogoo shingo mpaka akalegea. Sikuinunua. Mwaka 1991 nilifanya kibarua miezi saba Kitwe, mtaa wa Wusakile, na jirani yangu, mjane mmoja, alikuwa akiniazima kila Jumamosi ninyooshe shati la kanisani. Siku ya kuondoka lori lilikuja alfajiri, yeye keshatoka kwenda sokoni, pasi iko kwangu. Nikasema nitamtumia kwa dereva. Madereva wangapi wamepita tangu hapo! Mwaka 2004 nilikwenda mwenyewe, nikakuta wapangaji wengine, hata jina lake hawalijui. Umeme ukikatika hapa, na unakatika, naitumia ile pasi, na kila nikiifungua namwona amesimama mlangoni kwake na shati lake mkononi.

Basi, kabla ya sanduku, zunguka. Vitabu vya watu, sufuria, mwavuli, deni la muuza nyanya. Sherehe wanayokuandalia ofisini ni nzuri, piga picha, kula keki, lakini hiyo ni ya kwao. Wewe nenda nyumba kwa nyumba kwa watoto uliowafundisha kusoma, wazazi wao wakiwepo, uwaambie shalenipo, kwaheri yao ya Kibemba, kwa mdomo wako. Usiwaambie utarudi kama hujui. Mtoto atahesabu siku. Daftari la darasa mwachie anayekupokea, na umwandikie ukweli: nani bado anachanganya L na R, nani anakuja bila kula.

Barua ya huduma, yenye sahihi na muhuri, idai ukiwa bado pale pale. Ukishaondoka utaifukuzia kwa simu mpaka uchoke. Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja na paspoti, si chini ya nguo. Mpakani wakiona wewe ni Mkongomani wataiuliza kabla ya salamu.

Treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, haianzii Ndola, inaanzia Kapiri Mposhi, na mpaka Dar ni kilomita 1860. Mimi niliyezeeka kwenye reli ningefurahi sana uipande. Ilimalizwa kujengwa 1975, na upana wa reli yake ni huu huu wetu wa Katanga, milimita 1067. Behewa likitoka hapa Lubumbashi lingeweza kufika baharini bila kubadilishwa magurudumu. (Mama yako anasema hakuna msichana anayetaka kusikia habari za magurudumu.) Ila uliza kwanza kama inatembea. Isipotembea, panda basi, na kwacha zako usizibadilishe kwa vijana wanaolikimbilia basi pale mpakani Nakonde. Ukivuka kuingia Tunduma, upande wa Tanzania, sogeza saa yako mbele saa moja. Tupigie kabla hujatoa laini ya Zambia.

Kesho dereva wa jirani anavuka mpaka wa Kasumbalesa kuja huko. Nimempa kitenge cha yule mama aliyekulaza kwake mwaka mzima. Umpe kwa mikono miwili, magoti yakiinama kidogo. Mama yako amekinyoosha usiku huu, umeme haukuwepo, kwa hiyo kina harufu kidogo ya makaa.

Baba yako