Hija ya 2027: Mama Neema, tupunguze miji

Mama Neema mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Sisi huku Dar wazima wote, mvua zimetusumbua kidogo lakini tunashukuru Mungu. Natumaini na nyie huko Mombasa hamjambo, na Baba Neema mguu wake unaendeleaje? Mwambie namkumbuka kwenye sala.

Ile ratiba ya hija yetu ya Ulaya aliyoipanga wakala wa safari, uliyonitumia, nimeipata, nimeisoma nikairudia tena, na nikwambie moja kwa moja kama tulivyozoeana, sijaipenda. Lisbon, Fatima, Santiago, Lourdes, Barcelona, Assisi, Roma, zote ndani ya siku kumi na humohumo zimo siku za ndege, sasa tutasali saa ngapi shoga yangu? Nimeangalia Fatima kawapa saa mbili na chakula cha mchana kimo humo. Saa mbili! Mtu kaweka hela kidogokidogo kwenye kikoba mwaka mzima, kauza mbuzi, watoto wamemchangia, anafika mahali alipopaota toka alipokuwa binti wa Komunyo ya Kwanza halafu anaambiwa haya piga picha twende.

Nasema hivi kwa sababu nilishaona kwa macho yangu nilivyoenda na lile kundi la parokia jirani. Kulikuwa na bibi mmoja alikuja na daftari la shule, kaandika majina ya jumuiya yake nzima, wagonjwa, marehemu, mabinti wanaotafuta mtoto, wanafunzi wa fomu foo. Akapiga magoti pale Fatima kwenye Kikanisa cha Matokeo, ndo mahali Bikira Maria alipotokea, akaanza kusoma jina mojamoja kwa sauti ya chini, hajafika hata nusu, kijana wa wakala huyo na kibendera chake, twendeni twendeni basi linaondoka. Bibi akafunga daftari akanyanyuka, hakulalamika kwa mtu, lakini njia nzima kwenye basi hakuongea. Mimi nilisema moyoni, nikipewa siku moja kupanga hija, kipimo cha ratiba kitakuwa yule mama mzee kuliko wote kwenye kundi, anavyotembea yeye ndo tunatembea, anapotaka kukaa tunakaa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, twende nchi mbili tu, Ureno na kipande kidogo cha Hispania, tuingilie Lisbon, tukae Fatima usiku tatu au hata nne, tupite Coimbra, tumalizie Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Basi. Na mwaka ni huohuo 2027 uliousema, tusiubadilishe, maana sikukuu ya Mtakatifu Yakobo tarehe 25 Julai mwaka huo inaangukia Jumapili na ikiangukia Jumapili Santiago wanakuwa na Mwaka Mtakatifu, Mlango Mtakatifu unakuwa wazi mwaka mzima, na mara ya mwisho ilikuwa 2021. Tukikosa hiyo tutasubiri mpaka 2032.

Nianze na Lisbon. Mama zetu wote wanamjua Mtakatifu Antoni wa Padua, kitu kikipotea tu ndo wa kwanza kuitwa, lakini wengi hawajui kwamba ni mtoto wa Lisbon, kazaliwa hapo karibu mwaka 1195, Padua ni huko alikofia 1231. Kuna kanisa lake limejengwa juu ya mahali panaposemekana palikuwa nyumba ya wazazi wake, unashuka ngazi chini unakuta kachumba kadogo, hapo Papa Yohane Paulo wa Pili alisali mwaka 1982. Kanisa Kuu alikobatiziwa liko hatua chache tu kwa juu. Hapo peke yake ni asubuhi nzima, na nataka iwe asubuhi nzima kweli.

Mchana twende kanisa la São Domingos, hili kwenye ratiba ya wakala halimo kabisa wakati liko katikati ya mji pale Rossio. Mama Neema, ukiingia mle unanyamaza mwenyewe. Liliharibiwa na lile tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani kwenye Misa, wakalijenga upya, halafu 1959 likaungua moto, na walipolirudisha hawakuficha majeraha, nguzo zimeachwa vilevile zimepasukapasuka, mawe yamemeguka kwa joto, ukipitisha mkono unahisi. Nje uwanjani kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mwaka 1506, mauaji yalianzia hapohapo kanisani. Na pale uwanjani ndo Waafrika wa Lisbon wanapokutana, wengi wa Guinea-Bissau, kina mama wamekaa na vikapu vyao wanauza karanga na kola, wanakusalimia.

Lakini kinachonivuta mimi zaidi ni kwamba kwenye konventi, yaani nyumba ya watawa, ya hapo São Domingos, karne ya 16, watu weusi wa Lisbon, watumwa na waliopata uhuru, walikuwa na chama chao cha Bikira Maria wa Rozari. Fikiria hiyo. Watu waliong'olewa kwao, wanauzwa, na bado wana chama, wanazikana, wanachangishana kuwakomboa wenzao, wanashika rozari. Sisi tunadhani rozari tumeletewa juzi na mapadre wa Bagamoyo, kumbe kuna ndugu zetu waliishika kwenye hali ngumu kiasi hicho miaka mia nne na zaidi iliyopita. Mimi nataka tusali rozari nzima mle ndani kwa ajili yao, kwa Kiswahili chetu, na hilo naomba usinikatalie.

Belém, hukohuko Lisbon, tutapita nusu siku. Kwenye ile monasteri ya Jerónimos ndo kuna kaburi la Vasco da Gama, na kwa nyie watu wa Pwani hilo si jambo la mbali, huyo ndo aliyefika Mombasa akakataliwa akaenda Malindi akapokelewa, 1498, na ile nguzo ya Malindi mnaijua. Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, na 1631 Sultani Yusuf wa Mombasa aliyekuwa amelelewa Goa kama Mkristo akageuka, wakauawa Wareno na Waafrika waliobatizwa waliokataa kuiacha imani. Tukiwa pale nataka wewe ndo uwaeleze kina mama, unayajua vizuri kuliko mwongoza watalii yeyote wa Lisbon, na uwaeleze yote, imani iliyokuja na meli na mizinga iliyokuja na meli hizohizo. Tuwaombee wote waliokufa upande wowote.

Sasa Fatima. Hapa ndo moyo wa safari. Wakala amepanga tarehe 13 Mei yenyewe, naelewa kwa nini, ndo siku Bikira Maria alipowatokea wale watoto watatu, Lucia, Fransisko na Yasinta, mara ya kwanza 1917, lakini siku hiyo uwanja unajaa malaki ya watu, wazee wetu watasimama masaa bila pa kukaa na vyumba vinapanda bei. Tufike siku tatu nne baada ya hapo, bado ni mwezi wa Maria, na kila usiku saa tatu na nusu kuna rozari pale kwenye Kikanisa ikifuatiwa na maandamano ya mishumaa, haihitaji tarehe 13. Wanasali makumi ya rozari kwa lugha tofautitofauti, na nataka Padre aombe mapema tupewe kumi moja la Kiswahili.

Utaona pia pembeni ya Kikanisa pale pa kuchomea mishumaa, kuna mishumaa mirefu kama mtu mzima, na watu wanaweka viungo vya nta, mguu, mkono, moyo, kichwa cha mtoto, kila mtu kulingana na anachoombea. Moto ni mkali mpaka mishumaa inapinda kabla haijaungua, nta inachuruzika chini kama uji. Mama zetu wenye wagonjwa nyumbani watataka muda hapo, tuwape.

Kuna ile njia ya mawe laini watu wanaenda kwa magoti mpaka kwenye Kikanisa. Naomba tuseme mapema kwenye kikao kwamba hakuna atakayesukumwa kufanya hivyo, mwenye presha na mwenye magoti mabovu asali amekaa, Mama anasikia hivyohivyo.

Na siku moja nzima iwe ya Aljustrel, kijiji chao wale watoto, si mbali na basilika. Nyumba zipo, ndogo, dari chini, vitanda vifupi. Ukiingia ndo unaelewa hawa walikuwa watoto wachunga kondoo kabisa, Lucia miaka kumi, Fransisko hajatimiza tisa, Yasinta saba. Halafu ile homa kubwa ya mafua ikaja, Fransisko akafa 1919, Yasinta 1920 hospitalini Lisbon, peke yake, mama yake hayupo. Mimi kila nikifika kwenye kaburi la Yasinta kwenye basilika nawaza watoto wetu waliofia wodini mama kaambiwa muda wa kuona wagonjwa umeisha. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 13 Mei 2017, pale pale Fatima.

Coimbra tutapita njiani, Antoni alisoma pale, na Sista Lucia, yule mkubwa wa wale watoto, aliishi kwenye monasteri ya Wakarmeli ya hapo toka 1948 mpaka alipofariki 2005. Porto mimi naona tuiache, wanaotaka kuona daraja wataliona dirishani.

Santiago nako tusikimbie. Wanaoweza kutembea washuke Monte do Gozo, kilomita kama tano hivi, ndo kilima ambacho mahujaji wa zamani walikuwa wakiona minara ya Kanisa Kuu kwa mara ya kwanza wanalia kwa furaha, watembee wanaimba, wengine wapande basi tukutane uwanjani. Cheti cha Compostela hatutapata maana kinataka kilomita 100 kwa miguu, ila rehema ya Mwaka Mtakatifu haidai kutembea, inadai kufika kaburini kwa Mtume, kusali, kuungama na kupokea Komunyo, na hayo hata bibi wa kiti cha magurudumu anayaweza.

Najua utaniuliza Lourdes. Najua kabisa, na najua kina mama wenu wengi wanataka yale maji. Lakini kutoka Santiago mpaka Lourdes ni siku nzima ndani ya basi, na Lourdes ni mahali pa wagonjwa, panataka uende na wagonjwa wako, ukae nao. Tuifanye hija yake peke yake mwaka mwingine, nitakuwa wa kwanza kuandika jina.

Sasa ya viza, na hapa naomba uwe mkali. Viza ni moja ya Schengen, inatumika Ureno na Hispania zote mbili, na kwa kuwa usiku mwingi tutalala Ureno, tunaomba ya Ureno, kila mtu kwenye nchi anayoishi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, kwa hiyo kwa safari ya Mei tuanze Novemba, tusingoje Pasaka. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima iwe ya kuanzia yuro 30,000, pasi iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya kurudi, na kila mmoja ataenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Kinachowakwamisha mama zetu ni benki. Wana hela lakini ziko kwenye kikoba na kwenye simu, halafu wiki ya mwisho wanaingiza zote benki kwa mkupuo, ubalozi unauliza hizi zimetoka wapi. Waanze sasa hivi kupitishia benki kidogokidogo, na Paroko aandike barua ya kuwatambua. Halafu angalia majina, kitambulisho kinasema Maria, pasi inasema Mary, cheti cha ndoa kinasema kingine kabisa, hayo yanyooshwe mwaka huu. Na mtu asilipe tiketi kamili kabla viza haijatoka, hata wakala abembeleze vipi, ubalozi unaridhika na buking.

Vingine vidogo: viatu vya soli ya mpira maana mawe ya Lisbon yanateleza hata yakiwa makavu, sweta kwa ajili ya usiku wa Fatima, dawa za sukari na presha kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Nyama na maziwa wasibebe, vinanyang'anywa uwanja wa ndege. Chakula wasiogope, wali upo, samaki wapo wengi, na ile supu yao ya majani ya sukuma na viazi wataipenda.

Ninachohitaji kwako kabla ya mwisho wa mwezi ni idadi ya watu wenu, wangapi wanatumia kiti cha magurudumu, na kama Padre wenu anakuja, maana lazima abebe barua ya Askofu ndo aruhusiwe kuadhimisha Misa kule, na nafasi za Misa za makundi lazima ziombwe mapema. Ukiikataa hoja yangu ya Lourdes nipigie tuongee, usiniandikie, nataka nikusikie.

Wasalimie wote, Neema mwambie mtihani wake naukumbuka.

Wako katika Kristo,
Mama Gasper