Shukrani kwa Mzee wa Sokoni Parma

Natoa shukrani za dhati kwa mzee mmoja, mchinjaji mstaafu, niliyekutana naye sokoni Parma, Italia, ambaye jina lake sikupata kuliuliza. Nilimwonyesha salami yangu ya kwanza, yaani soseji ya nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa, ngumu kama gome kwa nje ilhali ndani nyama ilikuwa ya kijivu na mbichi. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akanieleza kwamba hewa ya stoo yangu ni kavu mno, hivyo ganda lilijifunga kabla maji ya ndani hayajapata njia ya kutoka. Alinielekeza nidumishe nyuzijoto 12 hadi 15 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na nisithubutu kukisia chumvi yenye nitriti, bali niipime kwa mizani, kwa kuwa ndiyo inayozuia bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu ya chakula), na ikizidi nayo ni sumu.

Salami ya sasa imepungua theluthi moja ya uzito wake na kuvaa ukungu mweupe. Nilipoikata, mafuta yalionekana kama punje za mchele ndani ya nyama nyekundu. Mzee wangu, ahsante sana. Kipande chako nimekifunga kwenye karatasi, na kila Jumamosi nakutafuta palepale.